Wali katika sahani ya nyumbani, Bukavu
Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, bugali (ugali) ndio chakula cha kila siku, na wali ulikuwa wa Jumapili, mama akiutandaza mchele wa uwanda wa Ruzizi kwenye ungo na kuondoa mawe moja baada ya jingine. Sikubaliani na wanaoulaumu wali wenyewe kuwa hauna virutubisho, kwa kuwa hasara kubwa hutokea kwenye mashine ya kukoboa, pale pumba laini yenye vitamini B1 na nyuzinyuzi inapoondolewa ili mchele uwe mweupe. Maharage huupa mwili laisini, sehemu ya protini iliyo haba katika mchele, nao sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu (walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950), wakiliwa pamoja na mifupa, huongeza kalsiamu. Nyumbani napakua wali kidogo, maharage mengi, na lengalenga (mchicha).