Kuitunza Bel Air ya 1957

Ninamiliki gari la Chevrolet Bel Air la mwaka 1957, na wengi wanaonisimamisha hapa Ohio, Marekani, huuliza kwanza bei yake, ilhali kazi yenyewe ni kuizuia isiliwe na kutu. Wakati wa baridi barabara za huku humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hujificha pamoja na tope kwenye kingo za chini za milango na chini ya sakafu. Kwa sababu hiyo gari langu hulala gerejini tangu theluji ya kwanza mpaka mvua za majira ya kuchipua zitakapoosha lami, betri ikiwa kwenye chaja ndogo na tangi likiwa limejaa.

Injini ni V8 (ya silinda nane) ya lita 4.6, nayo hainisumbui. Breki ndizo zilizonitia wasiwasi, kwani zote nne ni za ngoma na silinda kuu ya kiwandani, ile inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, ilikuwa na njia moja tu, yaani bomba moja likipasuka magurudumu yote hukosa breki. Nimeweka silinda ya njia mbili, japo wapenzi wa vipuri asilia hunikunjia uso, na sitairudisha ile ya zamani.

Mambo mengine nimeyaacha yalivyo. Mfuniko wa tangi, kwa mfano, umefichwa nyuma ya urembo wa kromu kwenye pezi la kushoto (ile sehemu ya bodi iliyoinuka huko nyuma kama pezi la samaki), na rafiki yeyote ninayemwomba anijazie mafuta huzunguka gari zima akiutafuta.