Mpaka Umehamia Ufukweni

Shangazi yangu anakaa ghorofa za juu Michenzani, na maji huko juu hayapandi. Yakitoka hutoka chini, usiku, watu wamelala, na vijana wa mtaa hujipatia riziki kwa kupandisha madumu ngazi kwa ngazi. Nilipobisha hodi nikitokea botini, hata mkoba sijautua, alikwisha nionyesha utaratibu: haya ya kuogea, yale ya kupikia, na lile la pembeni usiliguse, la udhu.

Nilikuwa nimevuka kwenda Unguja kwa mambo mawili, kumjulia hali yeye na kufika Paje, ambako nilisikia wakulima wa mwani wanavutana na hoteli kuhusu njia ya kwenda pwani.

Majumba ya Michenzani ukiyatazama leo utasema yamechoka. Rangi imebabuka, nguo zimening'inia kila kibaraza, nyaya zimepita zinavyotaka. Shangazi lakini hapendi mtu ayaseme vibaya. Yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na Mzee Karume aliyataka yawe marefu na yaonekane, kwa sababu waliokusudiwa kuyakaa walikuwa watu wa Ng'ambo, upande wa mji wa wanyonge, waliozoea kuta za udongo na paa la makuti. "Mama yangu kazaliwa kwenye kibanda," shangazi aliniambia, "na kiwanja si chetu, tunakilipia kodi. Mie nimezeekea kwangu. Maji ni jambo jengine."

Hiyo kodi ya kiwanja ina historia yake. Zamani mji wa Unguja ulikatwa na mkono wa bahari. Upande mmoja majumba ya mawe ya Mji Mkongwe, yaani matajiri wa Kiarabu, wafanyabiashara wa Kihindi na baadaye maofisa wa Kiingereza. Upande wa pili, ndio Ng'ambo, wachukuzi wa bandarini, watumishi wa majumbani, wavuvi, waliokuwa watumwa na watoto wao, pamoja na waliokuja kutoka Bara na Ngazija. Waliojenga Ng'ambo walijenga juu ya ardhi ya watu wengine, na wenye ardhi walipozidi kudai, mwaka 1928 wakaazi waligoma kulipa. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa maskini wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo. Naye makao yake yalikuwa Ng'ambo hiyo hiyo. Alivuka daraja kwenda kuimba kwenye kumbi za wakubwa, akamaliza, akarudi kwao.

Ule mkono wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 haukuwapo tena. Siku hizi ni barabara, yenye soko la Darajani pembeni yake. Jioni nilivuka kwa miguu, na kilichonichelewesha ni bodaboda tu.

Upande wa pili nilipita vichochoro hadi nikachoka, nikaketi barazani karibu na mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa. Mlango wa jirani ulikuwa wa mbao za kuchonga, umepigwa mafuta hadi unang'aa, na ubaoni bei za chakula zimeandikwa kwa dola. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaona nilikokuwa nikitazama.

"Nyumba hiyo ilikuwa na familia saba," akasema. "Sasa ina vyumba kumi na wageni wawili."

Baada ya Mapinduzi serikali ilitaifisha majumba mengi ya Mji Mkongwe na kuwaweka watu kutoka mashamba na Pemba, familia na familia jiko moja. Halafu katikati ya miaka ya 1980 nchi ikafungua milango kwa biashara na utalii, sheria ya kulinda wawekezaji ikapitishwa 1986, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zilizokuwa zikivuja bila mtu kuzitaka zikapata wanunuzi. Hakuna aliyefukuzwa kwa bunduki. Kodi ilipanda, mtoto akaoa, akatafuta kiwanja Fuoni au Mwera, wazee wakamfuata. Mapinduzi yaliwavusha watu kuingia mjini, na pesa imewavusha kutoka, taratibu, bila kelele yoyote ya kuandikwa gazetini.

Asubuhi nilipanda gari ya mapema Mwanakwerekwe. Kwa Paje unapanda namba 324 ya Bwejuu au 309 ya Jambiani. Nilibahatika siti, dirishani, na utingo akaendelea kujaza hadi mlango ukakataa kufunga. Wengi walikuwa wafanyakazi wa hoteli. Unawajua kwa mfuko wa plastiki wenye sare iliyopigwa pasi, wanaushika juu usikunjike. Njiani tulipitwa na magari ya wageni, Alphard baada ya Alphard, viti saba, kichwa kimoja au viwili. Sisi tulikuwa wangapi sikuweza kuhesabu, kwa sababu wengine nilikuwa nawasikia tu.

Mpaka Tunguu na mbele kidogo ardhi ni ya kijani, minazi, migomba, mihogo. Ni upande huu wa kisiwa wenye udongo, na kaskazini yake, ambako serikali ya Mapinduzi ilikata mashamba ya matajiri na kugawa eka tatu tatu kwa familia. Ukishapita msitu wa Jozani mambo yanabadilika. Udongo unakwisha na mawe yanaanza, jiwe la matumbawe lenye meno, vichaka vifupi, mbuzi. Ardhi hii ya maweni haikugawiwa mtu. Ya nini? Watu wa kijiji walilima humo kwa kuhamahama, wakitia mbegu kwenye vijishimo vya udongo katikati ya mawe, na mtu wa mjini aliyeambiwa achague kipande angekuona unamtania.

Sasa kipande hicho hicho, kikigusa mchanga, ndicho kinachotakiwa kuliko karafuu zote za kisiwa. Kisheria ardhi Zanzibar ni mali ya serikali na mwekezaji hukodishwa, hauziwi. Mwenyeji anayemwachia eneo hulipwa fidia ya kilicho juu yake, minazi na mazao. Nimewahi kufikiria hesabu hii mara nyingi. Mnazi una bei. Kuiona bahari kutoka chini ya mnazi hakuna bei kwa mwenyeji, ila kwa mgeni anayelipa usiku mmoja kuna bei, na kubwa.

Nilishuka Paje kabla ya saa tatu. Ilikuwa bamvua, zile siku bahari hujaa na kukupwa kuliko kawaida, na bamvua upande ule maji hukupwa asubuhi, hukimbia mbali hadi ukiwatazama waliofika kwenye mashamba ya mwani unaona vidoa vya rangi tu, kanga na mitandio. Nilitaka kuwafuata. Njia niliyoelekezwa na mwenye duka ilikwenda sawa, ikapita kisima na msikiti mdogo, halafu ikaishia kwenye ukuta. Ukuta mpya, wa mawe, juu umewekwa makuti ili upendeze.

Nikiwa nimesimama hapo wakaja kina mama watatu, kila mmoja na mfuko wa salfeti kichwani, maji ya chumvi yakiwatiririka mgongoni. Walikuwa wanatoka pwani kuja kuanika, na walitokea kushoto, mbali, kuuzunguka ukuta wote. Nilimwamkia aliyetangulia, mtu mzima, nikamwomba nimsaidie mzigo. Alicheka. "Utaweza, mwanangu? Huu mbichi, hauna huruma." Niliutwaa. Sitasema niliubeba vizuri. Ulinikandamiza shingo hadi nikawa naziona nyayo zangu tu, na maji yake yaliniingia machoni.

Uani kwake aliumwaga juu ya makuti na kuanza kuuchambua. Vidole vyake vilikuwa vimepauka na kupasuka kwenye vifundo, kwa chumvi na kwa kufunga taitai, zile kamba fupi ambazo kila kichipukizi cha mwani hufungiwa kwenye kamba ndefu iliyokazwa kati ya vijiti viwili. Kamba moja ina vichipukizi vingi, shamba lina kamba nyingi, na kazi yote hufanywa umeinama ndani ya maji, jua mgongoni. Ukishavuna unaanika, ukikauka kilo saba au nane zinakupa moja. Mnunuzi hulipa kwa hiyo moja.

Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwaka 1989, hapa hapa Paje na jirani yao Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mwanzo waume walinuna. Mke aende baharini kutwa, nyumbani apike nani? Baadaye mabati yakaanza kuonekana juu ya paa, sare za skuli zikapatikana bila kukopa, na waume wakanyamaza. Mama alinionyesha chumba cha nyuma, cha mawe, akakigonga ukutani kwa kiganja. "Hiki kimejengwa na kotonii."

Kotonii ndiyo aina yenye bei, nayo bahari imeikataa. Maji yamekuwa ya moto kwenye kina kifupi, mwani unalainika, unaoza, unakatika. Inayostahimili ni spinosum, ambayo haimlipi mkulima kama kotonii. Kotonii bado inaweza kuota maji ya kina, lakini huko lazima uwe na chombo, au angalau ujue kuogelea, na wanawake wengi wa umri wake hawakufunzwa kuogelea. Mwani huo ukifika ng'ambo hutolewa karagini, kitu kinachofanya aiskrimu na dawa ya meno ziwe nzito. Inawezekana kabisa mgeni wa ile hoteli yenye ukuta alipigia mswaki jasho la mama huyu, kisha akatoka kibarazani kupiga picha vidoa vya rangi kule mbali.

Nilimuuliza kuhusu njia. Alinieleza bila hasira, kwa namna ya mtu aliyekwisha lieleza jambo mara nyingi mbele ya wakubwa. Njia ilipita pale tangu bibi zao. Ukuta ulipopanda waliahidiwa kuachiwa upenyo. Upenyo ukawekwa geti, geti likawekwa mlinzi, mlinzi ni kijana wa kijijini, mtoto wa jirani, anawaamkia vizuri kabisa kisha anasema, "Mama zangu, nisameheni, zungukeni kule." Ufukwe wenyewe haujafungwa kwa mtu. Ila ukiwa na mfuko wa mwani mbichi kichwani, mzunguko ule ni mrefu kuliko sheria inavyoweza kueleza.

Maji yakijaa mchana ni zamu ya kaiti. Mgeni anavutwa na tiara kubwa juu ya ubao, anaruka, anapendeza kwa kweli. Walimu wa kaiti wanalalamika vijiti vya mwani vinaumiza watu, na wakulima wanalalamika mbao zinakata kamba. Wote wanasema kweli, lakini mkulima ndiye anayehama.

Halafu kuna maji ya kunywa. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilitoa uchunguzi uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya moja kijijini ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Si hoteli nzima, chumba. Nilipoiona takwimu hiyo niliwaza ngazi za Michenzani na lile dumu la pembeni lisiloguswa. Hoteli kubwa hujichimbia kisima, huweka pampu, huleta bowza maji yakipungua. Ukipampu sana karibu na bahari chumvi huingia chini kwa chini, na kisima cha jirani ndicho kinachoionja kwanza.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Sisemi wasije. Shangazi ana mtoto anayekula kwa utalii, na gari niliyopanda asubuhi ingekuwa tupu bila hoteli. Ila niliyoyaona Paje yananifanya nidhani kwamba mpaka uliofukiwa Darajani haukufa. Ulihama, ukaenda kulala sambamba na mchanga, na upande wa pili wa mpaka huo safari hii ndio wenyeji wa zamani.

Alasiri nilisubiri gari ya kurudi mjini. Mama yule naye alikuwa anakwenda, ana mjukuu hospitalini, na mkono mmoja kabeba chupa ya chai. Mle ndani kijana mhudumu, anayetoka Bara kama mimi, alikuwa anamwambia mwenzake kwamba wenyeji wamezoea kulalamika, kazi zipo, wasome Kiingereza. Mzee wa kiti cha nyuma akamjibu kwamba kazi za mezani wamepewa nyie, za usiku na rungu wamepewa watoto wetu. Gari zima likaingilia. Kijana akasema yeye mshahara wake anautuma Singida, hafaidi. Mzee akasema hata wao hawafaidi, basi wawili wasiofaidi wanagombania nini? Watu wakacheka, mjadala ukapoa kidogo.

Mtu akamuuliza mama habari za njia yao imefikia wapi. Akasema sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, ameitisha mkutano keshokutwa, watu wa hoteli watakuwapo, na mtu kutoka wilayani pia.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Mzee akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Saa nne bamvua hili? Si maji yamekupwa, nyie nyote mko pwani?"

"Ndivyo," mama akasema. "Tumewaambia wasogeze hadi mchana. Wamesema mgeni wa wilayani mchana ana shughuli."