Habari isiyo na tarehe wala mwenyewe

Watu wakizungumzia habari za uongo mitandaoni, aghalabu huanza na mwongo: ni nani aliyezitunga, alikuwa na maslahi gani, na ilikuwaje watu wazima wenye akili zao wakamwamini. Ni maswali ya haki, ila yanaiacha programu yenyewe pembeni, kana kwamba kazi yake ni kupitisha tu maneno ya watu kutoka simu moja kwenda nyingine. Mimi nimefikia mahali ninaamini kwamba sehemu kubwa ya upotoshaji tunaokutana nao kila siku haihitaji mwongo hata mmoja. Inatosha kuchukua habari ya kweli na kuipitisha ndani ya programu ambayo, kwa sababu zake za kibiashara, inaivua tarehe, jina la aliyeiandika na njia ya kuifikia ilikotoka.

Mhariri yeyote, kabla ya kuruhusu habari itoke, atauliza imesemwa na nani, lini, na ushahidi uko wapi. Gazeti la karatasi lilimwekea msomaji majibu hayo mbele ya macho bila yeye kuyaomba, kwa kuwa jina la gazeti na tarehe vilichapwa juu ya kila ukurasa, na aliyetaka kuvitenganisha na habari ilimbidi atafute mkasi.

Tuanze na wakati. Twitter, ambayo sasa inaitwa X, na Instagram zilianza kwa kupanga machapisho kwa mfuatano wa muda, la karibuni likiwa juu na la zamani chini. Mwaka 2016 zote mbili zikaingiza algoriti inayopanga machapisho kwa kukisia kile kitakachomvutia mtumiaji. Kwa picha za harusi ya rafiki mpango huo hauna ubaya wowote, maana hata ukiziona siku tatu baadaye utafurahi vilevile. Kwa habari, mambo ni mengine kabisa. Onyo la kimbunga lililotolewa Jumatatu linaweza kukufikia Alhamisi, likiwa juu kabisa ya ukurasa na limejaa maoni ya watu, ilhali kimbunga kimeshapita na mamlaka husika zimeshatoa taarifa nyingine. Maandishi madogo ya kijivu yanayosema "siku 3" yapo, lakini macho hayaendi huko. Tena maandishi hayo huhesabu muda tangu chapisho lilipopakiwa, wala si tangu tukio lilipotokea. Video ya mafuriko ya miaka mingi iliyopita, ikipakiwa upya asubuhi ya leo, itaandikiwa "dakika 20", na programu haitakuwa imesema uongo wowote.

Mwaka 2022 Instagram ilirudisha uwezekano wa kusoma kwa mfuatano wa muda, ila kwa sharti la kuchosha: ukitoka kwenye programu na kuifungua tena, unakuta umerejeshwa kwenye mpangilio wa algoriti. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuyabana majukwaa makubwa zaidi Agosti 2023, inayataka yawape watumiaji angalau mpangilio mmoja usiotegemea kumbukumbu za tabia zao. Yakauweka. Kumbe uwezo wa kiufundi ulikuwepo muda wote.

Kuhusu kiungo, yaani ile njia ya kuifuata habari hadi kwenye chanzo chake, mambo ni mabaya zaidi. Kwenye maelezo ya picha ya Instagram unaweza kuandika anwani ya tovuti herufi kwa herufi, lakini kwa kawaida haibonyezeki. Ndiyo maana kila chombo cha habari kinawaelekeza wasomaji kwenye wasifu wake, nao wachache ndio wanaojisumbua kwenda. Oktoba 2023 X iliondoa vichwa vya habari kwenye viungo, kwa maelezo ya mmiliki wake, Elon Musk, kwamba mwonekano ungependeza zaidi. Kwa majuma kadhaa makala ya uchunguzi na picha ya paka zilionekana kuwa kitu kimoja: picha, na jina la tovuti kwa herufi ndogo pembeni, hadi vichwa viliporudishwa vikiwa vimefinywa. Novemba 2024 Musk huyohuyo aliwashauri watumiaji waandike maelezo kwenye chapisho lenyewe na kiungo wakiweke kwenye jibu la chini yake. Sioni fumbo hapo. Programu inayoishi kwa matangazo hulipwa kwa muda ninaokaa ndani yake, na kila kiungo ni mlango wa kutokea.

Matokeo ya milango hiyo kufungwa ni picha ya skrini, ambayo sasa imekuwa gazeti la watu wengi. Hebu tuitazame moja, iliyotumwa kwenye kundi la familia yetu. Juu kabisa umebaki ule ukanda wa simu ya mtu asiyejulikana, wenye alama ya betri iliyokaribia kuisha na saa inayosomeka 07:14. Chini yake kuna nembo ya chombo cha habari, kisha kichwa kinachosema kwamba dawa fulani ya shinikizo la damu imeondolewa sokoni. Herufi zimefifia kingoni, dalili kwamba picha imebanwa na kubanwa tena katika kupita kwake mikononi mwa watu. Imekatwa chini kidogo ya kichwa, mahali ambapo kwa kawaida ndipo panapokaa jina la mwandishi na tarehe. Nikauliza kwa adabu, "Mjomba, hii habari ni ya lini?" Akajibu mara moja, "Nimeipata sasa hivi, mwanangu."

Jibu lile halikuwa la mzaha wala la ukaidi. Picha ilikuwa na saa moja tu, ile ya ukanda wa simu, isiyosema hata mwaka, na mjomba akajazia pengo kwa wakati alioupokea yeye. Nilipoyatafuta maneno ya kichwa kile kwenye mtandao nikaipata makala kamili. Ilikuwa ya kweli, imeandikwa vizuri, nayo ilihusu toleo moja tu la dawa hiyo, lililokuwa limeondolewa miaka kadhaa nyuma. Hakuna aliyedanganya, na bado ndani ya kundi walikuwepo wanaomeza dawa hiyo kila siku ambao walikuwa wameanza kuulizana kama waiache.

Ushahidi wa wazi zaidi kwamba muundo una nguvu tunaupata kwa WhatsApp. Ujumbe wake umefungwa kwa usimbaji tangu 2016 kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, kwa hiyo haiwezi kusema huu ni wa kweli na ule ni wa uongo. Ilichoweza kufanya ni kubadilisha kitufe. Kuanzia katikati ya mwaka 2018 iliweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa na kuanza kupunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu angeweza kuusambazia kwa mara moja. Januari 2019 kikomo kikawa mazungumzo matano duniani kote. Aprili 2020 ikaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, utumwe kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kampuni ilitangaza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna semina iliyofanyika wala tabia ya binadamu iliyobadilika. Kidole kiliwekewa kazi kidogo zaidi, na watu wengi wakaona haina haja.

Lakini mfumo huo una tundu, nalo ni pana. Ukinakili maneno na kuyabandika kwenye ujumbe mpya, mishale inapotea. Ukipiga picha ya skrini na kuituma, inapotea pia. Ujumbe uliozunguka nusu ya dunia unaingia kwenye kundi ukiwa msafi, kana kwamba umetungwa na shangazi mwenyewe, na kwa kuwa shangazi anaaminika, nao unaaminika.

Twitter nayo iliwahi kujaribu jambo la namna hiyo. Mwaka 2020 ilianza kumuuliza mtumiaji aliyetaka kusambaza makala bila kuifungua kama angependa kuisoma kwanza, na ikaripoti kwamba waliooneshwa swali hilo walizifungua makala kwa asilimia 40 zaidi. Swali moja tu. Naliona kuwa miongoni mwa mambo ya heshima zaidi ambayo programu yoyote imewahi kumfanyia msomaji.

Wapo watakaosema kwamba ninawapunguzia watumiaji lawama, nao wana hoja. Utafiti wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa taasisi ya MIT, uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2018, ulichunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, ukakuta kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya kuliko za kweli. Waliosababisha tofauti hiyo hawakuwa roboti bali watu. Nakubali, lakini watu hao hawakuwa wakitembea gizani peke yao. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa na magazeti mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 algoriti yake ilizipa emoji za hisia, ikiwamo ya hasira, uzito mara tano ya kitufe cha kupenda. Chapisho lililowakasirisha watu lilipandishwa ili liwafikie wengine wengi zaidi wa kukasirika. Uzito wa emoji ya hasira ulishushwa hadi sifuri mwaka 2020. Kwa hiyo kwa miaka mitatu hivi binadamu alikuwa na udhaifu wake, na mashine ilikuwa ikiulipia.

Alama ya tiki ya bluu haitanichukua muda mrefu. Twitter iliianzisha mwaka 2009 ili msomaji ajue kwamba akaunti ni ya mtu au taasisi inayotajwa. Novemba 2022 ikawa bidhaa ya dola 8 kwa mwezi, na ndani ya siku chache akaunti bandia yenye tiki na jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly ikatangaza kwamba insulini ni bure. Mei 2023 picha ya kutengenezwa, iliyodai kuonyesha mlipuko karibu na makao makuu ya jeshi la Marekani, ilisambazwa na akaunti zenye tiki, mojawapo ikiwa imejipa jina linalofanana na la shirika la habari la Bloomberg, na soko la hisa likayumba kwa dakika kadhaa. Alama iliyokuwa ikijibu swali la "nani" sasa inajibu swali la "nani amelipa", huku rangi na umbo vikiwa vilevile.

Hata simu yenyewe imeingia kwenye mchezo huu. Desemba 2024 huduma ya akili mnemba ya Apple inayofupisha arifa ilionyesha kwenye simu za watu, chini ya jina la BBC, kwamba mshtakiwa wa mauaji ya mkuu wa kampuni ya bima nchini Marekani alikuwa amejipiga risasi. BBC haikuwa imeandika kitu kama hicho. Ililalamika, na Januari 2025 Apple ikasimamisha ufupisho wa arifa za programu za habari. Hapo hata jina la chombo, ambalo ndilo msomaji hulishikilia akikosa mengine yote, lilibandikwa kwenye sentensi ambayo hakuna mwandishi aliyeiandika.

Utaratibu wangu binafsi ni rahisi na hauna ujuzi wowote wa ajabu: habari nikiikuta ndani ya programu, naisomea nje yake. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kulinganisha namna wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari wanavyopima tovuti wasiyoifahamu. Wasomi wale walibaki kwenye ukurasa wakiuchambua kwa makini, nembo, lugha na marejeo yake. Wahakiki waliuacha karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuuhusu, nao ndio waliofikia hukumu sahihi kwa haraka zaidi. Programu imetengenezwa ili usitoke, na kutoka ndiko kazi ya uhakiki inakoanzia. Kwa habari za kila siku natumia RSS, teknolojia ambayo wengi walidhani ilizikwa Google ilipoifunga Google Reader, programu yake ya kuisomea, mwaka 2013. Bado ipo. Inaleta vichwa kutoka kwenye tovuti nilizozichagua, kwa mfuatano wa muda, vikiwa na tarehe na viungo vyake, na haijali nimekasirika au la.

Najua kwamba si kila mtu atafanya hivyo, na si haki kumtwisha msomaji mzigo wote. Tangu Agosti 2023 Meta imezuia viungo vya vyombo vya habari kwenye programu zake za Facebook na Instagram nchini Kanada, kwa kupinga sheria iliyotaka majukwaa makubwa yavilipe vyombo hivyo. Watu wa huko hawakuacha kupashana habari. Walianza kuzipiga picha za skrini na kuzipandisha, na programu ikazipokea. Kiungo chenye tarehe, mwandishi na anwani hakipiti. Picha isiyo na kimojawapo kati ya hivyo inapita.

Tangu 2021 kampuni kadhaa za teknolojia na habari, zikiwamo Adobe, Microsoft na BBC, zimekuwa zikiandaa kiwango kinachoitwa C2PA, kinachoiwezesha picha kubeba ndani yake kumbukumbu ya ilikotoka, lini ilipigwa na imehaririwa vipi. Wazo ni zuri na kamera kadhaa tayari zinalitumia. Tatizo ni kwamba programu nyingi, mtu anapopakia picha, huibana na kuifuta taarifa zilizofichwa ndani yake. Ufutaji huo una faida yake, kwani unamlinda mtu asitangaze mahali anapoishi bila kujua. Lakini anayeweza kufuta mahali anaweza pia kuacha tarehe, na huo ni uamuzi wa wahandisi na mabosi wao, ambao sisi wasomaji tunaweza kuudai kama Umoja wa Ulaya ulivyodai mpangilio usiotegemea tabia za mtumiaji.