Namba ya Watu Wengi

Jumapili usiku. Theluji ya nje imegoma kuyeyuka, watoto wamelala, na mezani jikoni kuna boksi ambalo kampuni imenirudishia kwa gharama zake. Ndani mna darubini ya bunduki niliyoinunua Julai, na barua ya aya mbili. Ya kwanza inanishukuru kwa kuiamini chapa yao. Ya pili inasema kitu hiki hawakukitengeneza wao, kwa hiyo ile dhamana ya maisha haikihusu.

Namba ya utambulisho iliyoandikwa ubavuni mwa darubini wanaijua, wamesema. Imeshawafikia mara nyingi, kwenye darubini tofauti, kutoka kwa watu wasiojuana.

Kwa mnaonisoma mkiwa nyumbani na mnajiuliza bunduki imetoka wapi: naishi Pennsylvania, na huku kuwinda kulungu ni kama kwenu kwenda shamba mvua zikianza. Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, msimu wa bunduki unafunguliwa, na kiwandani kwetu zamu hupwaya. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyeniingiza. Nikasoma kozi ya usalama, nikakata leseni, nikanunua fulana ya rangi ya chungwa inayowaka, maana sheria inataka inchi za mraba 250 za rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni. Mama Zainabu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nyama anaipokea. Tunagawana na jirani mmoja wa Bukavu, Wakenya wawili, na shehe wetu ambaye kila mwaka ananiuliza kama nilisoma bismillahi kabla ya kufyatua.

Babu yangu kule Handeni alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe shambani. Hakuwa na darubini. Alikuwa na subira, na alikuwa akisogea karibu.

Sasa aibu yenyewe. Kabla sijaja huku niliuza simu Kariakoo miaka minne. Ukiniletea simu, kwanza naipima kiganjani, maana feki nyingi ni nyepesi. Nasugua nembo kwa ukucha. Nafungua mfuniko, natoa betri, nairudisha, nabonyeza nyota reli sifuri sita reli, nalinganisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ya kwenye skrini na ya kwenye boksi, na hayo yote kabla sijakuuliza umeamkaje. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu feki nchi nzima, mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Nilijua kabisa kwamba namba moja ya simu halali inaweza kubandikwa kwenye simu mia. Ilikuwa kazi yangu kujua.

Halafu nikafika Marekani nikaamini feki imebaki Kariakoo.

Dukani darubini hii ilikuwa inakaribia dola 700. Mtandaoni niliiona kwa 486. Ingekuwa 150 ningekimbia. Huyu aliyepanga bei ni mtu anayetujua. Punguzo la sikukuu ya Julai, picha safi, nyota nne na nusu. Mzigo ulitoka ghala kubwa linaloaminika, na sikusoma mstari mdogo wa chini uliosema muuzaji ni mtu mwingine kabisa, mwenye jina la herufi saba zisizotamkika na tathmini 41. Boksi lilikuja zuri. Kitabu cha maelekezo kizuri. Risiti sikuihangaikia, kwa sababu kampuni hii inajisifu kwamba dhamana yake haihitaji risiti, hata ukiwa umeinunua mkononi. Nilijiona mjanja: chombo hiki atakirithi Zainabu.

Nikaifunga mwenyewe kwenye bunduki, nikaenda kwenye uwanja wa shabaha kupiga ziro, yaani kuirekebisha mpaka risasi itue pale darubini inapolenga, yadi 100. Risasi tatu zikakaa pamoja. Nikaridhika nikaondoka. Risasi tatu tu!

Asubuhi ya msimu baridi ilikuwa inauma masikio. Tumetoka kwenye gari lenye joto, tumekaa kwenye ukingo wa bonde, mzee kushoto kwangu hatua kama hamsini. Jua lilipoanza kupita kwenye miti akatokea kulungu jike, yadi 80 hivi, amenipa ubavu. Masafa ya mtoto. Nikaweka msalaba wa kulengea nyuma ya bega, nikasoma bismillahi, nikavuta.

Akajikunja mgongo.

Wawindaji wanasema aliyepigwa moyoni huruka na kukimbia. Anayejikunja amepigwa tumboni. Nikasukuma risasi ya pili, nikaweka jicho, na mbele yangu palikuwa na maziwa. Kioo kimefuka ukungu. Nikakifuta kwa kidole cha glavu, nikakifuta tena kwa shati, na ukungu haukutoka kwa sababu ulikuwa upande wa ndani. Darubini ya kweli hutolewa hewa yenye unyevu, ikajazwa gesi kavu ya naitrojeni au agoni, ikazibwa. Yangu ilikuwa na hewa tu ya mahali ilipofungiwa, popote palipokuwa.

Mzee akaniambia tukae, tusimfukuze, mnyama wa namna ile akifukuzwa anakwenda mbali kufia huko. Tulisubiri saa nyingi sana. Kisha tukafuata damu: nyeusinyeusi, na mabaki ya majani yaliyotafunwa ndani yake. Tone hapa, hatua ishirini, tone jingine kwenye gogo. Ikafika kwenye kijito ikapotea. Tulizunguka kingo zote mbili mpaka tochi zikaanza kufifia. Hatukumpata.

Ndani ya gari mzee alikaa kimya muda mrefu. Alipoongea aliuliza tu, "Nani aliifunga hiyo darubini?"

Nikasema mimi. Na kwa wiki nzima niliamini kosa lilikuwa langu, skrubu zangu, mkono wangu.

Jumamosi iliyofuata aliziangalia skrubu, akazikuta sawa. Akaifunga bunduki kwenye kiti cha kupigia na kunielekeza kupiga mraba. Kila kliki ya kirekebishi, kile kifundo cha kuzungusha juu ya darubini, inatakiwa kusogeza risasi robo inchi kwenye yadi 100. Unapiga, unapanda kliki 20, unapiga. 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, na risasi ya mwisho irudi kwenye tundu la kwanza. Yangu ilirudi inchi nne pembeni. Tukarudia, ikaenda kwingine. Mzee akaishika darubini, akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza nimeinunua wapi. Hapo ndipo nilipoipima kiganjani kwa mara ya kwanza.

Nilijua tayari. Niliituma kwa mtengenezaji nikitumaini huruma tu, na sina neno nao. Kwa nini walipie kitu cha mwizi wao? Yule muuzaji ameshafunga duka. Siku za kurudisha mali ziliisha Agosti. Kijana wa huduma kwa wateja aliniambia "samahani" mara tano, nilizihesabu.

Nimesoma usiku huu kuhusu sheria iliyoanza kutumika Juni 2023, inayoyataka masoko ya mtandaoni kuhakiki utambulisho wa muuzaji akifikisha mauzo 200 na dola 5,000 ndani ya miezi 12. Wangu na tathmini zake 41 nadhani alikuwa akijipitia chini ya wavu, kisha anabadili jina. Kariakoo angalau ungemjua mtu kwa kizimba chake.

Mfanyakazi mwenzangu anaitaka kwa dola 100, anasema ni ya bunduki ya kuchezea, anajua ni kanyaboya. Mama Zainabu amesema nikiiuza naye anahama. Kesho naipiga nyundo.

Nimejaza fomu ya malalamiko ya serikali. Nimeweka picha, namba, jina la herufi saba. Mwishoni kuna kisanduku kinachouliza umepoteza kiasi gani. Nilikaa nacho kidogo. Kinakubali tarakimu tu. Nikaandika 486, nikabonyeza tuma.