Anayenunua Kimoja Kimoja

Wenzangu wenye maduka ya jumla huniuliza kila mara kwa nini nafungua pakti. Ninauza vifungashio hapa Tandika: vifuko vya zipu vya unga wa lishe na karanga, makopo ya achari, chupa za juisi, maboksi ya keki, mifuko mbadala. Ukienda Kariakoo utatajiwa bei ya pakti, na ukisema unataka vitano tu, utaangaliwa kama mtu aliyepita kuomba maji ya kunywa. Kwangu ukitaka vitano unapata vitano. Ukitaka kimoja, karibu.

Biashara yenyewe ilikuzwa na katazo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchi nzima, na mtu aliyezoea kukupimia karanga kwenye kifuko laini na kukifunga kwa moto wa mshumaa akaanza kuangalia huku na huku. Mwaka huohuo kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ikatoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ikaenda TBS, shirika la viwango. Mitaani maneno yakawa nembo, lebo, tarehe ya kuisha muda, anza SIDO kwanza, lile shirika la viwanda vidogo. Kila mwenye kinu cha kukodi na kilo mbili za ulezi akawa anahitaji kifuko kinachosimama chenyewe juu ya shelfu.

Nikiwa nyuma ya kaunta naona biashara za watu zikianza. Yupo anayekuja na stika tayari zimechapwa, rangi mbili, jina zuri, namba ya simu, halafu ananunua pakti nyingi kwa mkupuo na kuniomba nimpige picha akiwa nazo. Namtakia heri kwa moyo mweupe. Lakini nikikaa nikafikiria ni nani hasa ananilipia pango, picha inayonijia ni ya mama mmoja wa unga wa lishe, mkazi wa huku Yombo, anayepita asubuhi kabla sijamaliza kufagia na kusema, "Mwanangu, nipe kumi." Kumi tu. Kesho kumi. Siku akisema ishirini najua kuna kliniki mahali fulani, au kuna msiba na wageni wana watoto wadogo.

Hapa ndipo roho yangu inaposumbuka. Pakti ya vifuko 50 nilikuwa nainunua shilingi 9,000. Ukiichukua nzima nakupa kwa 10,500. Ukinunua kimoja kimoja, kila kimoja ni 250, kwa hiyo ukifika 50 umenilipa 12,500. Yule mama ananiachia 2,000 zaidi kwa kila pakti kuliko kijana wa stika, na ndiye mwenye hela ndogo. Jiji zima linaenda hivyo: mafuta ya kula ya kupima, mkaa wa kopo, nyanya za fungu, sabuni ya kipande. Anayeishi kwa hela ya leo analipa zaidi kwa kitu kilekile.

Nilimwambia siku moja, mama, chukua pakti nzima, utaokoa. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sijui hesabu. Akasema hiyo 10,500 ndiyo ulezi, soya, karanga na hela ya kusagia. Akiifungia kwenye vifuko, ataweka nini ndani? Tena vikikaa nyumbani, wajukuu watavibebea visheti shuleni na jirani ataazima viwili asirudishe. Kwangu vinakaa salama na havimdai chochote. Niligundua ananilipa kwa kumtunzia stoo. Tangu siku hiyo, ile shilingi 40 anayoongeza kwa kila kifuko siioni tena kama dhuluma, ingawa siiti sadaka pia.

Tulichofanya ni kudunduliza. Anayetaka bei ya pakti lakini hana hela ya pakti anaacha 500, anaacha 1,000, naandika kwenye daftari mbele yake, na ikitimia anachukua mzigo wake. Sharti langu ni moja: hela ya kudunduliza hairudi nyumbani, inatoka dukani ikiwa bidhaa. Wengine walinung'unika. Mmoja alikuja kuniambia mtoto anaumwa, nikamrudishia yote. Masharti mengine unayaandika ili uwe na cha kuvunja.

Kukopesha ni habari nyingine, sikopeshi. Nisingefika hata miezi sita.

Ajabu ni kwamba mimi ninayewauzia watu kimoja kimoja, muda wa kukaa hapa nauziwa kwa jumla. Fremu za Dar, hivi vyumba vya duka, mnazijua. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka, na dalali anachukua ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango ambao ungeuona mwenyewe ukipita. Sheria inasema mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya pango hilo na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kama kodi ya zuio. Kwenye karatasi ni ya mwenye nyumba. Mtaani anakwambia, "Mimi nataka hela yangu kamili, mambo ya TRA mtajuana wenyewe," kwa hiyo unailipa wewe juu ya pango. Na bila mkataba na mambo ya TRA kukaa sawa, leseni ya manispaa utaisikia kwa wenzako. Hata kodi ya majengo, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mwenye kununua umeme ni mimi.

Ndiyo maana mtu akiniambia ana mtaji wa milioni mbili, namuuliza: kabla ya fremu au baada ya fremu? Nimeona maduka yakifunguliwa kwa rangi mpya na kaunta ya vioo, shelfu zina mzigo wa mstari mmoja wa mbele, nyuma hewa. Hela yote imeenda kwa mwenye nyumba kununua Juni hadi Novemba. Mwenye duka anakuwa na miezi lakini hana bidhaa. Laiti fremu ingeuzwa kama umeme, unaweka ya wiki unafanya kazi ya wiki, wengi wasingefunga. Najua mwenye nyumba naye ana sababu zake, wapangaji wengine huhama usiku. Lakini yule mama wa kumi kumi hajawahi kunikimbia, na sijawahi kumdai nusu mwaka.

Wiki hii Kariakoo wamepandisha. Pakti ileile ni 10,000, na nauli ya guta mpaka hapa haijashuka. Nzima itabidi niiuze 11,500. Binti anayenisaidia anataka kimoja kiwe 300, basi, kila mtu apande. Anasema ukiacha 250 tunabaki na 50, na hiyo 50 inaliwa na umeme na kodi. Hesabu yake ni sahihi na nimemwambia hivyo. Ila anayenunua kumi kila siku simweki bei moja na anayekuja mara moja kufungia zawadi. Kwa hiyo tumebandika karatasi mpya: kimoja 300, viwili 550, na kuanzia kumi kila kimoja 260. Binti anasema sasa watu wataanza kuchangishana wafike kumi. Wachangishane.