Ukuta ulianguka, vita vikaendelea: nilivyojifunza kujenga himaya za mchezo wetu

Jumamosi jioni tunakutana watu watano chumbani kwangu Kihesa, mjini Iringa, kucheza mchezo wa kusimulia hadithi na kuigiza wahusika. Mezani kuna chai ya tangawizi, mahindi ya kuchemsha na mfuko wa kitenge wenye vizibo 20 vya soda, kila kimoja nimekiandika namba. Dadu la pande 20 hatukulipata, kwa hiyo tunachomoa kizibo, tunasoma namba, tunakirudisha mfukoni. Mimi ndiye msimulizi. Natunga dunia, falme zake, misitu yake na mizimu yake. Wenzangu wanne kila mmoja ana mhusika wake na anasema anachofanya, na penye mashaka kizibo kinaamua.

Mwanzoni falme zangu zote zilikuwa na theluji na askari wa farasi waliovaa chuma, kwa sababu ndivyo nilivyoukuta mchezo. Nilikuwa nasimulia theluji ambayo sijawahi kuikanyaga, huku baridi ya Julai ya Iringa inatupenya mablanketi. Nikaamua kutumia himaya ya hapa hapa. Nikapanda gari hadi Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa, nikarudi na daftari limejaa: Munyigumba aliyeziunganisha koo za Wahehe, mwanawe Mkwawa aliyemrithi, ngome ya mawe, vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891 ambavyo jeshi la Wajerumani lilipigwa na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Nikayamwaga yote mezani kama yalivyo, nikabadilisha majina tu.

Jumamosi ile iliharibika mara mbili.

Kwanza, himaya yangu ilikuwa ukuta na mfalme, basi. Wenzangu wakamhonga mlinzi wa lango, wakaingia usiku, wakamkamata mfalme, na chai ilikuwa haijapoa. Nikaulizwa, "Sasa watu wake wanafanyaje?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimewafikiria watu wake hata kidogo.

Pili, chini ya kiti cha mfalme nilikuwa nimeweka hazina: fuvu la mtawala wa kale, atakayelichukua anaongezewa nguvu vitani. Dada mmoja katika kundi letu, ambaye kwao ni Kalenga, akarudisha kizibo mfukoni polepole, akafunga kamba ya mfuko. Akasema, "Mdogo wangu, kichwa cha babu si hirizi."

Hakuna aliyeongeza neno. Nilijua kabisa anachokisema. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Kilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kwamba kirudishwe, na kikarudi Kalenga mwaka 1954. Familia zilikisubiri zaidi ya miaka 50, mimi nimekifanya zawadi ya mchezo. Nilimwomba radhi pale pale, na kesho yake nikaenda kwake nikamwomba tena, kwa sababu radhi ya mbele za watu wakati mwingine ni ya kuondoa aibu tu. Akanipokea vizuri. Akaniambia nisiiache himaya ile, niangalie watu waliishije ndani yake, ila babu nimwache apumzike.

Nikarudi kwenye daftari na swali moja: kitu gani kilikuwa kinaishikilia? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kalenga ilitekwa mwishoni mwa Oktoba 1894. Ukuta ulipigwa mizinga, Wajerumani wakaingia. Lakini Mkwawa alipigana akiwa porini hadi Julai 1898, karibu miaka minne bila mji wala ukuta. Mtu hakai porini miaka minne peke yake. Kuna waliompikia na waliompa habari, na wengine waliulizwa aliko wakakaa kimya. Hiyo ndiyo himaya, na ndiyo niliyokuwa nimeisahau.

Toka hapo sianzi tena na ngome. Naanza na namna koo zilivyofungwa pamoja. Kwa Wahehe ilikuwa vita, ndiyo, lakini pia ndoa: mtawala anaoa kwa wakubwa wa koo, anaozesha mabinti zake, na aliyeshindwa jana leo ni mkwe. Hilo peke yake limenipa Jumamosi nyingi za hadithi, kwa sababu huwezi kumpiga mkweo bila mkeo kuuliza. Kisha natazama majirani, maana himaya hujifunza kwa adui. Wangoni walikuja kutoka kusini mwa Afrika wakiwa na vikosi vya rika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na njiani waliwameza mateka wao mpaka wakawa Wangoni. Wasangu, huko bondeni, walikuwa na nguvu kabla ya Wahehe, na Wahehe waliiga mengi ya vita kwao. Kwa hiyo kwenye mchezo wetu kila himaya ina kitu kimoja ilichokiiba kwa jirani na inaona aibu kukisema.

Baadaye nilianza kuchanganya, ili pasiwe na ukoo wa mtu unaokaa mezani mzima mzima. Milima niliipa ya kwetu, lakini utawala nikauchukua kwa Wainka wa Amerika ya Kusini. Hawakuwa na maandishi, na bado walitawala safu ndefu ya milima ya Andes kwa barabara, wakimbiaji wa kupokezana, maghala ya chakula na kodi ya kazi ya mikono. Hesabu zao waliziweka kwenye kamba zenye mafundo, quipu.

Hapa niseme kidogo, maana ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuleta mezani. Nilinunua kamba ya katani sokoni, nikafunga nyuzi nane kwenye kamba moja nene. Kwenye quipu makumi na mamia yanakaa kwa mahali: mafundo ya juu ni mamia, ya katikati makumi, ya chini kabisa mamoja. Mafundo matatu juu, manne katikati na chini patupu ni 340. Sikuwaeleza. Niliwapa tu wenzangu ile kamba na kusema mkimbiaji amekufa mlangoni akiwa ameishika. Wakakaa nayo karibu saa nzima wakiipitisha mkono kwa mkono. Kijana mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi ndiye aliyeshtuka: "Hii ni stoo! Huu uzi ni kilichoingia, huu ni kilichotoka!" Walipohesabu, gunia 340 ziliingia, 200 zikatoka, na ghala walishalikuta tupu. Wakamjua mwizi bila kuvuta hata kizibo kimoja. Ile kamba bado nimeining'iniza ukutani.

Kwa himaya ya Mali, Afrika Magharibi, nilichukua jambo moja tu: mfalme wake Mansa Musa alipopita Kairo mwaka 1324 akienda Maka, aligawa dhahabu nyingi hadi bei yake ikashuka. Mhusika tajiri kwenye kundi letu alijaribu kununua mji mzima, na soko likamgeukia vivyo hivyo.

Ilibaki sehemu ya himaya kuvunjika. Mwaka 1896 Wajerumani walimweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kwenye utawala, na mapema mwaka uliofuata wakamnyonga, wakimshuku kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri. Sikutaka kurudia kosa. Safari hii nilikwenda kwa dada kabla ya Jumamosi, nikamweleza: hakuna jina, hakuna Kalenga, ni ndugu wawili tu, mmoja porini, mmoja kwenye kiti alichopewa na wageni. Alikaa kimya muda mrefu akichambua mchele.

"Huyo wa kwenye kiti," akasema, "usimcheze wewe. Nipe mimi."

Jumamosi ile akaja na karatasi ya mhusika mpya, ameijaza kwa mwandiko mdogo pande zote mbili. Wageni wakamuuliza ndugu yako yuko wapi. Dada akaingiza mkono mfukoni, akachomoa kizibo, akakifumbata bila kukitazama, na kwanza akaanza kuwajibu.