Kilele cha nanomita 3.8

Nilitaka kupima eneo la uso na ukubwa wa vitundu vya bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, kwa kutumia gesi ya naitrojeni. Udongo ulikauka usiku kucha ndani ya ombwe, kwa nyuzi 120. Asubuhi niliupima tena: gramu 0.512 zilikuwa zimebaki 0.468. Uzito huu wa pili ndio unaoingia kwenye hesabu. Ukishika ule wa kwanza, unyevu unahesabiwa kuwa udongo, na eneo la uso kwa kila gramu linatoka dogo kuliko lilivyo. Vali ya pampu nayo nilikuwa nimeifungua kidogo kidogo, kwa sababu mvuke ukitoka kwa pupa huubeba unga hadi kwenye vali, na vali iliyoingia unga haifungi tena sawasawa.

Nikalitumbukiza bomba lenye udongo kwenye naitrojeni oevu, nyuzi 196 chini ya sifuri, nikawa naingiza gesi dozi moja moja na kusubiri shinikizo litulie. Mstari wa kupanda, unaoonyesha gesi iliyoshikwa na udongo kadiri shinikizo lilivyoongezeka, ulitoka laini. Nilipoanza kuitoa gesi, mstari wa kushuka haukufuata njia ile ile: ulibaki juu, kisha ukadondoka ghafla shinikizo lilipofika 0.42 ya lile linaloigeuza naitrojeni kuwa kimiminika. Kompyuta ikaugeuza mstari huo wa kushuka kuwa grafu ya upana wa vitundu, ikachora kilele chembamba, nanomita 3.8. Nikaandika daftarini kwamba udongo una vitundu vya ukubwa huo.

Mwalimu aliitazama grafu kwa muda. "Mwanangu, ukikokotoa kwa mstari wa kupanda, kilele kipo?"

Nikakokotoa. Hakikuwepo.

Akafungua jalada lake la zamani: alumina, makaa, udongo mwingine. Vyote vilikuwa na kilele pale pale. Vitu visivyofanana hata kidogo haviwezi kuwa na kitundu kimoja. Kimiminika kilichonaswa ndani ya kitundu chenye mdomo mwembamba huvutwa kama kamba. Shinikizo likizidi kushuka, mvuto unaongezeka mpaka kimiminika kinashindwa kujishika. Povu linazuka ndani yake na chote kinatoka kwa mpigo mmoja. Kwa naitrojeni katika baridi ile, mwisho wa kustahimili ni karibu na 0.42. Kompyuta haijui hayo. Inachukua 0.42, inaigeuza kuwa upana, inatoa 3.8. Ile ilikuwa tabia ya naitrojeni, si ya udongo.

Niliikata sentensi kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, nikazikokotoa saizi zote upya kwa mstari wa kupanda. Zilitawanyika kuanzia nanomita 2 hadi 50, bila kilele chochote.